Nyumba Inayozimika kwa Salamu

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, zikukute umeshakunywa chai na magoti yamekupa likizo. Nilitaka kuanza kama waanzavyo watu wote, nikuulize kama u mzima, lakini neno hilo siku hizi naliogopa hata kuliandika. Sababu utaisikia mbele. Mimi sijambo, ila wasiwasi wangu, ule uliokufanya unipe jina tangu tuko wadogo, haujanihama.

Nawe mwalimu, jirani mwema unayemsomea dada yangu, nakusalimu kwa heshima zote. Nakuomba usome polepole na usinisahihishe. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe tuliachana kwa ugomvi. Palipokosewa soma hivyo hivyo, dada atanielewa.

Dada, mara ya mwisho kwenye simu uliniambia nisikutajie tena habari ya kuhamia kwangu. Ulisema macho yakishakwisha mtu hubaki mzigo, na kwamba wewe, uliyewavisha watu kwa cherehani yako tangu harusi zao mpaka harusi za watoto wao, hutaki kuwa wa kushikwa mkono mpaka chooni. Ukasema bora ujigonge kwenye kuta zako unazozijua. Nilinyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwangu si kukubali. Basi leo sikutajii. Nakupa habari za nyumba tu.

Ile nyumba aliyonijengea kitinda mimba wangu imekwisha. Akaniambia siku hizi nyumba haziachwi hivi hivi, zinawekewa vifaa vyenye akili, na kwa kuwa mimi ndiye nitakayekaa humo, nikachague mwenyewe. Yeye yuko mbali na kazi zake za ofisi, kwa hiyo akanikabidhi kwa fundi. Fundi huyu tunamwita Bwana Unganisha, maana kila ukimuuliza jambo anajibu kwamba hilo tutaliunganisha. Siku moja nilimwambia mgongo unaniuma, nikamwona ameanza kufikiri.

Tukaenda dukani. Dada yangu! Nilikuta pazia linajifungua taratibu kama limevutwa na mtu mwenye adabu. Nilikuta kitasa kinachokutambua kwa kidole, na kengele ya mlango inayokuambia nani amesimama nje. Lakini taa ndizo zilizonimaliza. Muuzaji alisema tu washa, kwa sauti ya kawaida, wala hakuamrisha, na ukuta wote ukawaka. Nilishika kifua. Nikamuuliza nani kasikia. Akasema taa. Nikamwomba aseme tena, na tena, mpaka akachoka, akaniambia mama, sema mwenyewe. Nikasema. Ikawaka, dada. Ikawaka kwa sauti yangu mimi, niliyezoea kuita watoto wanne na asiitike hata mmoja.

Bwana Unganisha alinivuta pembeni akanipa somo. Alisema watu wengi wanachagua kwa uzuri, wakifika nyumbani kitasa hakisikilizani na taa, taa haisikilizani na kengele, ni kama wake wenza walionuniana. Cha kwanza ni kuchagua mtambo mmoja wa kuviongoza vyote, halafu unanunua vinavyoelewana nao. Nikamuuliza mtandao ukikatika, na mimi nitakatika nje ya mlango? Akasema la, ufunguo wa kawaida upo, na amri za taa zinakaa humo humo ndani, haziendi kuuliza mbali. Nikamuuliza pia, kama mtambo unasikia amri, si utasikia na maombi yangu? Akacheka, akanionyesha kitufe cha kuuziba masikio. Hata hivyo nikitaka kusali naufunika na mtandio. Anayesikia dua zangu ni mmoja, anatosha.

Sasa nilipoanza kuchagua, wote wawili walinishangaa. Muuzaji alinisifia kitasa cha kioo, laini kama maji, tarakimu zinatokea ukikigusa. Nikakikataa. Nikachukua cha vitufe vilivyoinuka, chenye kinundu kwenye tano, ambacho vumbi lilikuwa limeshakizoea. Akaniambia hicho ni cha mtindo wa zamani. Nikamwambia na mimi pia. Jiko la kioo nikalikataa vilevile, nikataka lenye vishikio vya kuzungusha, vinavyolia tak, tak, na linalotamka lenyewe kwamba sasa linawaka, sasa limezimwa. Mwisho nikasema nataka kila chumba kimwambie anayeingia jina lake. Bwana Unganisha akakuna kichwa. Alisema hilo hajawahi kuombwa na mtu yeyote, lakini tutaliunganisha.

Jioni binti yangu, huyo kitinda mimba, akanipigia simu kunigombeza kwa adabu. Alitaka kujua ni nani duniani asiyejua kwamba yuko jikoni. Nikamjibu kwamba uzee una mambo yake, nikakata simu kabla hajauliza mengine.

Siku vifaa vilipofungwa nilizunguka humo ndani kama mtoto aliyepewa viatu vipya. Nikiingia huku naambiwa niko ukumbini. Nikigeuka naambiwa niko jikoni. Sauti ni ya mwanamke mpole, anayetamka vizuri kuliko sisi. Kila akiniambia namwitikia, ahsante mwanangu. Dada, nilirudi kizingitini nikaingia tena. Nimekaa katika nyumba nyingi, za kupanga na za watu, lakini hii ndiyo ya kwanza kujua kwamba nimeingia.

Sasa sikia mkasa. Nilikwisha kujitapa mtaani, na jioni moja giza limeshaingia akaja jirani yangu muuza mboga kuona maajabu. Taa zote zinameremeta. Nikamkaribisha kiti, na yeye kwa adabu zake akaniuliza kama ni mzima. Nyumba ikazima. Yote, mpaka ya uani! Nilidhani umeme umekatika, nikamjibu gizani kwamba ni mzima. Nikasema washa, zikawaka. Akashusha pumzi, akaendelea pale alipoachia, akauliza na watoto nao wazima? Giza. Hapo jirani yangu alisimama akasema nyumba hii ina mdudu, haitaki watu waulizane hali, akatoka na kandambili moja. Ya pili ninayo mpaka leo, hataki kuifuata.

Asubuhi Bwana Unganisha alipokuja kusikiliza habari, alikaa chini kwa kucheka. Kosa lilikuwa langu. Mtambo huwa na jina, unauita kwanza ndipo unaupa amri. Mimi nilikataa, nikaona ni kuita mtu kama mtumishi, nikamwambia afanye usikie neno tu. Basi wenyewe ukisikia zima, unazima. Haujui kwamba zima hiyo imo ndani ya mzima. Siku hizi nikitaka kusema nimefagia uwanja mzima nasema uwanja wote, na mayai yakifika salama nasema hayakuvunjika. Naishi kwa tahadhari kama mtu mwenye mkwe sebuleni.

Lakini sijakuambia nilifanya nini jirani alipokimbia. Sikusema washa. Niliinuka kwenye giza lile, nikanyoosha mguu. Nikaambiwa niko ukumbini. Nikapapasa ukuta, nikaambiwa niko jikoni. Nikazungusha kishikio, tak, tak, jiko likaniambia linawaka. Nikachemsha chai, nikamimina nikisikiliza kikombe kinavyobadili sauti kikijaa, nikanywa nimekaa, sikuungua wala sikumwaga. Nilipomaliza nilishika meza kwa mikono miwili nikalia, na haikuwa kwa huzuni.

Mwalimu, hapa msogelee.

Dada, nakuungamia. Kule dukani kila kifaa nilikichagua nimejifunga mtandio machoni. Muuzaji alidhani nimeshikwa na kizunguzungu akaniletea kiti. Kitu kisichojulikana kwa kidole wala kwa sikio nilikiacha palepale, hata kiwe kizuri vipi. Hakuna hata kimoja nilichojichagulia mimi. Mimi swichi ya ukutani inanitosha, na mlango naufungua kwa bega. Nimekuambia sikutajii, kumbe nimekutajia tangu mstari wa kwanza. Nisamehe.

Binti yangu naye nilimficha, nikamwacha adhani ni uzee wangu. Juzi nilimwambia kweli. Akaniuliza neno moja tu, kwamba chumba cha mama mkubwa nimekipanga kiwe kipi. Nikamwambia kile cha jua la asubuhi, maana joto lake utalijua hata bila kuambiwa. Mlango wake nimeupima. Cherehani inapita.

Ulisema hutaki kushikwa mkono. Ni haki yako. Humu hutashikwa mkono na mtu. Ukiamka utaambiwa uko wapi, mlango utaufungua kwa kidole chako mwenyewe, chai utaipika wewe na mimi nitaisubiri mezani kama mgeni. Mimi ndiye mwenye kazi ngumu, kwa sababu unanijua, kila utakaponyanyuka mikono yangu itataka kukurukia. Nimeamua nitaikalia. Nimeshaanza kujizoeza, yule jirani, akiwa nje ya mlango, ananiuliza kwa nini siku hizi nakaa kama kuku anayeatamia.

Hilo neno zima, Bwana Unganisha anataka kulirekebisha, kazi yenyewe ataimaliza kabla sijamaliza kikombe changu cha chai. Nimemwambia aliache kwanza. Maana najua siku utakayoingia, kabla hujakaa, kabla hujaweka mzigo chini, utaniuliza kama ulivyoniuliza maisha yote, u mzima, Wasiwasi? Na nyumba itazima. Tutakuwa gizani wote wawili, dada, hakuna anayeona zaidi ya mwenzake. Nitakujibu nikiwa humo.

Nisalimie wote wanaonijua hapo, na yule mteja wako anayedai gauni lake tangu mwaka jana mwambie aje alichukulie huku. Mwalimu, ahsante kwa macho yako. Ukimaliza usiisome mara ya pili, mpe kwanza simu anipigie.

Mimi mdogo wako akupendaye, niliyekalia mikono,

Wasiwasi