Wanasema Nyumba Yangu Imezaa

Musonoi, Kolwezi
Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024

Mpendwa Yaya Mushiya,

Dada yangu, pokea salamu nyingi za mdogo wako. Mguu wako umepona? Shemeji Antoine bado anakohoa? Huko Kalemie mna hewa ya ziwa, sisi huku tunameza vumbi mpaka mvua ianze. Mwili wangu ni mzima, na binti yangu Shekina ni mzima pia.

Moyo ndio hauko sawa. Nina hasira, Yaya, na wewe sikufichi.

Unakumbuka kikundi chetu cha maombi, kile watu wa hapa wanachokiita cellule. Miaka tisa kimekutana kwangu kila Jumatano, tangu tulipokuwa wanne juu ya mkeka mmoja. Mwaka huu tulifika ishirini na sita, wengine wakisali nje. Pasta Hénock akaja akaniambia kwa tabasamu: "Mama Adèle, hatuko nakata cellule. Iko nazala." Nusu wabaki kwangu, nusu wakaanze kingine mtaa wa Manika. Nani anakataa kuzaa? Nikakubali. Niliomba jambo moja tu, Mbombo abaki.

Mbombo unamjua kwa barua zangu. Alipokuja kwetu hakuweza kufungua mdomo mbele ya watu, mimi ndiye niliyemfundisha kusali. Mume wangu Godefroid alipofariki, alilala sakafuni kwangu siku arobaini. Nisamehe Yaya, wewe ulikuwa mbali, yeye ndiye aliyekuwa dada yangu.

Jumapili ya mwisho ya Agosti majina yakasomwa kanisani. Kiongozi wa Manika: Mbombo. Nikasimama mbele ya watu wote nikamwambia Pasta amekosea orodha. Hakuna aliyecheka. Waliinamisha macho, nami nikaelewa kwamba wote walijua, isipokuwa mimi.

Nje Mbombo akanishika mkono. "Mama, mi njo niliombaka niende. Kwako siwezi komea, wewe njo uko nasema yote."

Aliomba tangu Juni! Miezi miwili alikula bukari mezani kwangu, akacheka nami, akanyamaza. Kuondoka akakue kwingine ningemwelewa. Kule kunyamaza ndiko kulikoniumiza. Na hayo ya kwamba nasema yote, kama ni kweli, usiniandikie.

Wewe unajua, mtoto akizaliwa watu huenda kumwona wakiwa na sabuni, na mzazi hupikiwa uji. Basi kanisa zima likaenda Manika kukiona kikundi kipya, kwa ngoma na vigelegele. Kwangu hakufika mtu. Jumatano ya kwanza baada ya hapo niliwapangia viti ishirini na sita kwa mazoea, halafu nikaanza kuvirudisha ndani kimoja kimoja.

Jana nilimwachia Mama Beya awaongoze wenzangu, nikanunua vipande viwili vya sabuni, nikapanda pikipiki mpaka Manika. Nilikusudia kumpa Mbombo mkononi, kisha nimwambie yote mbele ya watu wake.

Nilipofika mlangoni alikuwa anasali. Aliwaombea wanaume wanaochimba madini chini ya udongo, kisha wake zao wanaosikiliza kila pikipiki inayopita, kisha akanyamaza kidogo kabla ya Amina. Hiyo ni sala yangu, Yaya, pamoja na kimya chake. Mama mmoja nisiyemjua alikuwa analia kwa sauti ndogo, na Mbombo alikuwa amemshika bega, kama nilivyomshika yeye.

Sikuingia. Nikaiweka sabuni juu ya kizingiti, nikarudi Musonoi. Kikundi nimemwachia. Kumsamehe bado, usinisukume.

Nisalimie Shemeji Antoine, Tata Edouard, na Glodie na wanawe. Bwana alinde mlango wenu, usiku na mchana.

Ukija Noeli usinibebee samaki, Yaya. Nibebee sabuni. Mimi ndiye niliyezaa, na hakuna aliyekuja kuniona.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Adèle