Alichosema Ndegwa Chini ya Gari

Kiganjo, Thika
Jumapili

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta na nguvu, na lile goti linakuruhusu kufika kanisani bila mkongojo. Pojo zilikomaa kabla jua halijazichoma? Na yule mbuzi wa pembe moja, alizaa? Mimi huku sijambo. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga imejaa matope, lakini kazi ipo na mwili unanitii. Naliaka, jirani yangu ambaye kila wiki huniuliza habari zako, anakusalimu sana.

Nimempa Kaveke, anayekuja huko nyumbani, barua hii mkononi kwa sababu simu yako husikilizwa na boma zima. Isome ukiwa peke yako, na uifikishe mwisho kabla hujaniombea au kunilaani.

Wiki mbili zilizopita nililetewa gari, Probox iliyovutwa kwa kamba kutoka Ruiru. Klachi ilikuwa imekwisha: ukikanyaga mafuta injini inanguruma, gari haliendi. Mwenyewe ni mzee mnene anayeuza chakula cha kuku pale Gitothua. Alisema ameambiwa kuna msichana Kiganjo anayetengenezea magari uani kwake, na kazi yake hairudi. Nilimjua kabla hajataja jina. Ni Ndegwa, mwaitu. Ndegwa wa gereji ya Mwiki aliyemwajiri baba, yule aliyesimama kando ya kaburi la baba na koti lake la kahawia akatuambia kwamba Kaleli alikuwa fundi mzuri, shida ilikuwa chupa.

Yeye hakunijua. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na minne, na hapa watu huniita Jackie.

Unajua neno lile lilitufanya nini. Kwaya ilikaa kimya, mchungaji akaomba dakika mbili akafunga Biblia. Wewe mwenyewe ulikabidhiwa ovaroli ya baba ikinuka pombe ya chang'aa, na tangu hapo hukumtaja tena. Miaka tisa. Mtu ambaye hata soda ilimpa kiungulia.

Ningeweza kulirudisha lile gari. Nilimwambia alilaze hapo, nitalifanya.

Siku ya kwanza nililipandisha juu ya mawe ya kujengea ya Ndarugo, nikamwaga oili, nikatoa betri na shafti za magurudumu, kisha nikaishusha giaboksi polepole kwa jeki. Ndegwa alikuwa amekalia ndoo, akinifundisha kazi niliyofundishwa na baba. Alifunga gereji zamani lakini mdomo wake bado ni wa tajiri wa gereji. "Wee kairitu, shika spana kama mtu aliyekula," aliniambia, akiniita kisichana kwa Kikuyu chao. Nilicheka naye. Nilimpikia hata chai. Sahani ya klachi ilikuwa imelika mpaka ribiti, zile pini zinazoishikilia, zinaonekana.

Siku ya pili nilifunga sahani mpya, nikailenga katikati kwa kijiti nilichokichonga kama baba alivyonionyesha. Ikabaki kurudisha giaboksi. Nilipovuta jeki, Ndegwa akainuka kwenye ndoo akicheka. Alisema jeki ni ya wavivu. Wao walikuwa wakizipakata giaboksi kifuani kama watoto. Akavua sweta, akateleza chini ya gari.

Nikasema sawa, mzee. Nikamsukumia giaboksi kifuani.

Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja akiinua kutoka chini, mwingine akielekeza kutoka juu mpaka shafti iingie kwenye tundu la sahani. Aliinua mara ya kwanza, ikagoma. Mara ya pili, ikagoma. Akachoka, akaiacha giaboksi ilale kifuani apumzike. Kushoto jiwe, kulia jiwe, hakuwa na pa kuibiringishia. Hapo nikainama kando ya gurudumu nikamwuliza kama anamkumbuka Kaleli.

Akageuza uso kunitazama. Kisha akaniuliza mimi ni nani.

"Mimi ni Nzilani wa Kaleli. Niambie baba yangu alikunywa nini siku ile."

Aliniambia niitoe kwanza, tutaongea. Nikamwambia aongee kwanza, nitaitoa. Alijaribu kuiinua peke yake akashindwa. Ndipo alipoanza kusema, kwa vipande, jinsi pumzi ilivyomruhusu. Jeki ya gereji ilikuwa ikivuja wiki nzima. Baba alimwambia, akamwambia mara ya pili asubuhi ile ile, naye Ndegwa akamjibu kwamba mwenye gari anasubiri, aingie chini amalize. Gari likamshukia. Watu wa jirani walipoanza kukimbilia kelele, Ndegwa alichukua chupa ya chang'aa ya mlinzi akaimwagia ovaroli ya baba, na kidogo mdomoni.

"Alikuwa amekufa?" niliuliza.

"Bado," alisema.

Naliaka alikuwa akianika nguo hatua tano kutoka pale. Shuka lilimponyoka mkononi. Kila neno alilisikia, na yuko tayari kuja kukuambia mwenyewe.

Sasa nikuambie ambalo nimemficha hata Naliaka. Yeye alikimbia kuita wanaume dukani, akidhani nguvu zangu hazitoshi. Zilitosha. Ndegwa alinitazama akasema, "Ngai, Mungu wangu, toa, nimekwisha sema." Niliondoka. Nilikwenda kwenye mfereji nikanawa mikono kwa sabuni, vidole vyote, hata kucha, nikisikia anavyokoroma. Nikafunga mfereji. Nikajipangusa. Ndipo nikarudi kuivuta, kwa sababu nilisikia watu wanakuja. Wasingekuja, sijui, mwaitu. Sitakudanganya kwamba najua.

Mbavu tatu zimevunjika. Hospitalini aliwaambia aliteleza mwenyewe, kwamba fundi hakuwapo. Kwa hiyo sasa uongo wake unanilinda mimi, na hilo ndilo linaloniuma. Kulala nalala vizuri.

Gari nililimaliza kwa jeki, kila bolti mahali pake, kwa sababu baba hakuacha kazi nusu. Nililijaribu mpaka Gatuanyaga na kurudi, gia zinaingia kama kisu kwenye siagi, kisha nikalipeleka Gitothua nikampa mkewe ufunguo. Aliupokea akafunga mlango. Jana akanipigia simu: mumewe amesema, kifua kikipona, atakuja huko nyumbani Matuu kusimama mbele ya kanisa aseme yale yale aliyoniambia chini ya gari.

Ukiona nimekosa, niambie, nitakuja nikae mbele yako. Lakini msamaha wa Ndegwa usiniombe, sina.

Wasalimie shangazi Katunge na mama wote wa ushirika, hasa wale waliokaa kimya siku ile. Ndegwa akifika mpe kiti, kwa kuwa ni mgonjwa. Akiomba maji, mwambie amalize kwanza kusema.

Ni mimi bintiyo,
Nzilani Kaleli