Komeo la Nje

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, na chumba nilichopanga hakivuji. Cherehani inanilisha. Jioni naenda darasa la watu wazima, lilelile ambalo mume wangu anakulalamikia kwamba limenitia kiburi.

Juzi tulisoma hadithi ya mke ambaye komeo la chumba chake liko upande wa nje. Mwalimu akauliza komeo hilo linaashiria nini. Kinyozi akasema ukoloni. Muuza mitumba akasema mila. Mimi nikasema linaashiria kwamba mume ameshaenda kazini. Wakacheka, kisha wakanitazama, wakaacha kucheka.

Mwalimu anasema mgogoro ni pale watu wawili wanapotaka mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Wewe kwenye barua yako umeniambia vikombe viwili kabatini havikosi kugongana. Sawa, Shangazi, lakini kikombe hakimfungii mwenzake kabati kikaondoka na ufunguo.

Unasema nirudi, ameahidi kubadilika. Siku niliyotoka, yeye akiwa bafuni anaoga, nililifungua lile komeo skrubu moja moja kwa kisu cha jikoni, nikalitia kwenye mkoba. Mwambie asilitafute. Liko hapa, nimelifunga kwenye mlango wangu, upande wa ndani.

Nawe ukija kunichukua kama ulivyoahidi, bisha hodi. Nitakufungulia mwenyewe, tutakunywa chai, tutacheka, kisha utarudi peke yako.

Ni mimi,
binti wa kaka yako.