Mkasi wa Meya Condarco

Huaylluma, 6 Juni 1999

Nélida mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko kwenye shule ya mgodini, na kwamba kifua kimekuachia. Mimi sijambo, ila magoti yanalalamika kwa barafu ya asubuhi.

Jana Meya Condarco alikuja kwangu na kondoo aliyechinjwa, mkewe nyuma yake. Wanataka niwe baba wa nywele wa kitinda mimba wao: nishike mkasi, nimkate shungi la kwanza, niwe kompadre wao, ndugu wa heshima, maisha yote. Mtu huyu nilimfundisha kusoma. Tangu apate umeya, akiniona sokoni hugeuka kutazama vitunguu. Leo ndiyo nimekuwa ndugu? Kuna jambo.

Unaijua kesi ya kiwanja cha shule. Meya anadai ni mali ya manispaa, na kaka yake ameshamwaga matofali ya kituo cha mafuta. Wananchi waliwapa watoto kiwanja kile kwenye mkutano wa 1986, lakini ukurasa wa mkutano umechanwa kwenye daftari. Aliyeuandika ni mimi, nilipokuwa katibu wa manispaa. Wenzangu wote waliotia saini wamekufa. Nimeitwa mahakamani tarehe 20 Julai, na kompadre hatoi ushahidi dhidi ya kompadre wake. Mji mzima ungenitemea mate.

Kondoo nimemtundika jikoni, simgusi.

Baba yako,
Crisóstomo

Mgodi wa Santa Rufina, 17 Juni 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na kikohozi changu tunaendelea kuishi pamoja. Magoti uyafunge sufi, usijifanye kijana.

Baba, wewe unaishuku hata mvua. Padre alipokuomba usome kanisani siku ya Pasaka ulisema anataka mabati ya manispaa. (Sawa, alitaka mabati.) Condarco ana mtoto mwenye nywele ndefu na anatafuta mtu wa heshima. Umefundisha miaka kumi na miwili, umekuwa katibu kumi na tisa, sasa unazungumza na mbwa. Shika huo mkasi. Kiwanja kina wanasheria wake.

Jumapili hiyo ya tarehe 11 Julai vaa koti la kahawia. Lile jeusi limeliwa na nondo.

Binti yako,
Nélida

Huaylluma, 25 Juni 1999

Nélida,

Mimi mzima. Wewe, sijui.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikukuandikia siku ya kunyoa. Meya mwenyewe amenitajia tarehe 11 juzi tu, barua yako ikiwa tayari njiani. Darasani, mtoto aliyenakili nilimtambua kwa jibu sahihi lililokuja mapema mno.

Nilimshuku padre, nikamshuku wakili wa kesi, nikamshuku hata jirani anayeniletea supu. Wewe sikukushuku. Nani alikuambia?

Baba yako

Mgodi wa Santa Rufina, 2 Julai 1999

Baba,

Shikamoo. Afya tuiache leo.

Condarco aliniandikia mwezi wa tano. Kuna nafasi ya mwalimu wa darasa la pili hapo nyumbani, na kwa barua yake moja mimi narudi. Aliniuliza wewe unalainishwa na nini. Nikamwambia hujawahi kumnyima mtoto kitu. Wazo la nywele nililitoa mimi, naye akanitajia tarehe.

Miaka sita nameza vumbi, nakohoa mbele ya watoto wanaokohoa. Ulizoea kusema mtumishi wa umma hukaa alikotumwa. Ni rahisi kusema hivyo, wewe uliyetumwa kwenu. Nataka kulala nyumbani. Ni kiwanja tu, baba.

Binti yako, kama bado

Huaylluma, 22 Julai 1999

Nélida mwanangu,

Bado.

Jumapili ile ya tarehe 11 nilikwenda. Mtoto alikaa mezani, nywele zimefungwa utepe, akanichekea. Nikashika mkasi. Nilitaka kukata, usidhani sikutaka. Nilikuona akilini, umesimama mlangoni na sanduku lako. Kisha nikauweka mkasi mezani.

"Mwalimu, unaniaibisha mbele ya wageni," Condarco akasema.

"Aibu yako ya leo itapita. Watoto mia mbili watachezea wapi?"

Mkewe akadakia, "Na kondoo wetu je? Hukumla?"

"Ameliwa na mbwa, mama. Yeye hajaitwa mahakamani."

Walicheka wote isipokuwa wenye nyumba. Jumanne hii nikaapa mahakamani, nikasema nilichoandika mwaka ule. Kiwanja kimebaki cha watoto. Nafasi ya darasa la pili amepewa mpwa wa Condarco.

Nilifundisha uraia miaka yote ile, na sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba ukisema kweli, anayeumia anaweza kuwa mwanao. Sikuombi msamaha, kwa sababu ningefanya vilevile. Lakini naumia. Niandikie.

Baba yako

Huaylluma, 3 Oktoba 1999

Nélida,

U hali gani? Hii ni barua ya nne bila jibu. Dereva wa basi anaapa kwamba anazifikisha. Nimeanza kumshuku yeye, maana ni nafuu kwangu.

Baba

Mgodi wa Santa Rufina, 14 Novemba 1999

Baba,

Shikamoo. Dereva hana kosa.

Wiki iliyopita mkuu wetu wa shule alinitaka nitie saini kwamba mwenzangu amefundisha muhula mzima. Mwenzangu huyo hatujamwona tangu Agosti. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, na nilijua nisipotia nitapelekwa wapi.

Sikutia. Kesho nahamia shule ya juu zaidi milimani, basi hufika Alhamisi tu. Wakati nafungasha nilikulaani wewe, si yeye.

Ukinijibu, usinisifu. Niulize tu kama kuna baridi.

Binti yako,
Nélida