Fungu la Mwenye Dume

Jumatatu, 8 Machi 1982

Didia. Kuhasi mafahali tangu saa moja asubuhi. Thelathini na wanane. Koleo limenichubua kiganja. Kila mwaka ubishi uleule: fahali mwenye mgongo mbovu ndiye mwenye ng'ombe anayempenda, eti aliachwa na marehemu baba. Nimemhasi. Mzee akalia machozi kweli. Sikumwonea huruma. Dume bovu linazaa wabovu, na kilio hakinyooshi mgongo wa ndama.

Kurudi Shinyanga mjini nimepitia kwa Masanja kumchanjia mbwa wake. Masanja ana lori. Hupeleka mchele na unga machimboni Geita, hurudi na dagaa wa Nkome. Uani kwake kunanuka dagaa hata siku ambazo hana hata debe moja. Ana Kaiza, dume la Kijerumani, limetulia, halina makuu. Ndiyo maana mwaka jana nililichagua limpande jike langu Sikitu. Nilisubiri Sikitu atimize miaka mitatu. Nilimchunguza Kaiza miezi minne: mbele ya watoto, mbele ya kuku, mbele ya mfupa. Nilitaka chotara wa kulala mlangoni mwa mtu mwenye watoto, si wa kutafuna wapita njia.

Wakazaliwa watano, wote wazima. Desturi inajulikana: mwenye dume ana fungu lake, na huchagua kabla ya wote. Masanja akachagua jike, Kidoti, mwenye alama nyeusi kwenye paji, yule ambaye binti yangu Zuhura alimlea kama mdoli. Wanne waliobaki niliwapeleka nyumba ninazozijua. Kidoti nilimtoa kwa mkono wangu, nikijua baba yake yuko kwenye ua uleule anaokwenda. Niliona haya kumkatalia mtu fungu lake.

Leo nimemkuta banda moja na Kaiza. Ana miezi minane. Joto la kwanza, la kutaka dume, li karibu. Nikamwambia Masanja awatenge, siku yoyote sasa itakuwa kuchelewa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mbwa si watu, Bwana Mifugo. Hawana shemeji wala mkwe."

Jumatano, 10 Machi

Nyumbani hatuna sabuni, wiki ya tatu. Mama Zuhura anafulia majani ya mpapai. Shati langu la kazi limekuwa la kijani mgongoni.

Zuhura kaniuliza tena Kidoti hajambo. Nimesema hajambo. Mtoto wa miaka tisa, ana macho ya karani wa mahakama. Hakuniuliza la pili.

Alhamisi, 25 Machi

Nimechelewa.

Nilikuwa josho la ng'ombe la Tinde siku tano, hakuna usafiri. Leo mchana nimeingia kwa Masanja nimewakuta wamenasana katikati ya ua, baba na binti. Wapakuzi wa lori wamewazunguka, wanapiga makofi, mmoja anampigia Kidoti vigelegele vya harusi. Kidoti anatetemeka miguu ya nyuma. Masikio kayalaza. Ananitazama mimi. Ameninusa tangu getini, ananijua.

Sijapata kuona kinyaa cha namna hii, nami nimeingiza mkono kwenye matumbo ya ng'ombe waliooza. Si kwa Kaiza. Kaiza hajui, hakuna aliyemfundisha ukoo. Kinyaa ni kwa yale makofi.

Nilimwomba Masanja nimchukue Kidoti nyumbani nimtunze. Hataki. Fungu lake. Tena ana hesabu zake: machimboni sasa kila mwenye shimo anataka mbwa wa Kijerumani, na kwao ukali ndio Ujerumani. Nikamweleza: huyu bado mtoto, nyonga hazijapanuka. Damu moja ikirudiana inaleta vilema. Akanisikiliza kwa adabu, akanikaribisha chai. Nikainywa. Hilo nalo linanichukiza, kwamba niliinywa.

Jumamosi, 17 Aprili

Mimba ipo, nimeipapasa. Nimepata na jambo jingine.

Midomo ya Kidoti imevimba, jicho moja limefumba. Nikadhani nyoka. Nikatazama sahani yake. Ndani ya ugali kuna nyigu. Nyigu wazima wamekandiwa humo, wengine bado wanachezesha mabawa. Na pilipili.

Nilikuwa nasikia kwamba watu hulisha mtoto wa mbwa nyigu ili awe mkali. Huo ni ujinga wa zamani, nimeukemea vijiji vyote hivi mpaka sauti imekauka. Masanja kauongezea werevu wake: akila mama, watoto watazaliwa wakali tayari, mnunuzi hatakuwa na kazi. Alinieleza akijivuna. Alitegemea nimsifu.

Nikaumwaga ule ugali chooni. Nikamwambia nyigu hajengi kitu tumboni ila uchungu. Akasema sawa, sawa. Sawa ya Masanja naijua.

Jumatano, 21 Aprili

Nyigu tena. Nimemwaga.

Jumatatu, 24 Mei

Nimeitwa alfajiri. Kidoti anasukuma tangu jana mchana, hawatoki. Kwa nini hamkuniita jana? Jana ilikuwa Jumapili, hawakutaka kunisumbua. Nikatukana. Ni mara ya kwanza kumtukana mtu uani kwake, na wala sijuti.

Kichwa cha kwanza kimekwama, kikubwa, nyonga ni za mtoto. Nimemvuta kwa vidole na mafuta ya kupikia. Amekufa. Wa pili amekufa. Wa tatu hai, kaakaa limepasuka, maziwa yanatokea puani. Nimemmaliza mwenyewe, nyuma ya lori. Wa nne dume, mzima kwa kutazama. Wa tano jike, mdogo, ana alama nyeusi palepale kwenye paji.

Kidoti hakulia hata mara moja. Alininyonya vidole. Ana homa. Ana matiti ya mbwa mzima kwenye kifua cha mtoto.

Masanja akauliza wangapi. Wawili, nikamwambia. Akasema basi mara ijayo watakuwa wengi. Mara ijayo!

Nanuka damu na dagaa. Mama Zuhura kanitengea maji nje, hakuniruhusu kuvuka kizingiti. Yuko sawa.

Jumamosi, 19 Juni

Niandike yote, hata lile ambalo sitaki kuliona kesho.

Masanja alikuja ofisini mwenyewe. "Mwangaluka, Bwana Mifugo," salamu ya Kisukuma, kofia mkononi, mnyenyekevu ghafla. Machimboni wamedanganywa mno na mbwa wa mitaani. Sasa mnunuzi anataka cheti chenye mhuri wa mifugo. Anapeleka watoto wawili keshokutwa. Hawajatimiza hata wiki nne.

Nilikwenda kuwatazama. Dume ni zima. Jike lina ukungu machoni, nimepitisha kidole, nimepitisha mwanga wa kiberiti. Hakuna. Kipofu. Kidoti kalala pembeni, mbavu unazihesabu kutoka getini. Na Kaiza yuko humohumo bandani, anasubiri joto jingine. Akibebeshwa tena huyu atakufa. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Nikamwambia Masanja: nipe Kidoti, nikupe cheti. Nilitegemea abishane. Hakubisha. "Mchukue, kakonda huyo." Akaongeza vipande vinne vya sabuni ya kufulia, kavitoa chini ya kiti cha lori, kwa ajili ya Mama Zuhura. Nikavipokea.

Nilijiona mjanja. Cheti nikakiandika ukweli mtupu, herufi kubwa: Baba, Kaiza. Mama, Kidoti binti Kaiza. Watoto wamezaliwa na baba na binti yake. Jike haoni wala hataona. Wasizalishwe kamwe. Saini. Mhuri. Nikasema moyoni, haya, nenda nacho sasa tuone nani atanunua.

Masanja akainama, akakisoma mkononi mwangu polepole kwa midomo. Akatabasamu. Akasema mwandiko wangu mzuri, lakini kule wanatazama mhuri tu.

Karatasi ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa na nafasi ya kuichana. Kidoti alikuwa ameshafungwa kamba, amekaa juu ya mguu wangu. Nikaiachia.

Jumapili, 20 Juni

Zuhura alikuwa mlangoni. Kidoti alimnusa mikono yote miwili, kisha akaenda kulala chini ya ghala na Sikitu. Mama na mwana wakanusana muda mrefu. Zuhura akasema Kidoti amesahau kucheza. Nikasema atakumbuka.

Nguo zote zimefuliwa. Uzio mzima mweupe. Majirani wanauliza tumepata wapi sabuni. Mama Zuhura anajibu kwa furaha, "Baba Zuhura kapewa zawadi kazini." Shati langu linanukia. Silivai.

Jumatano, 30 Juni

Ramadhani, funga ya wiki ya kwanza. Kidoti kala vizuri, uji na vichwa vya sato. Homa imekwisha. Maziwa yamekauka. Nimemjengea chumba chake cha mabanzi, mlango una komeo la juu na la chini, na kufuli. Akiingia joto tena atakaa humo na funguo nitalala nazo. Nimemwambia Mama Zuhura: hata akija mbwa wa rais.

Nimecheka leo, mara ya kwanza tangu Mei.

Jumatatu, 12 Julai

Saa nne asubuhi, ofisini. Mtu mwembamba, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, kikapu begani. Shikamoo. Marahaba. Jina lake Yohana, mchimbaji wa huko Geita. Kasafiri siku mbili, magari matatu. Kikapuni yumo yule jike. Alama nyeusi kwenye paji.

Kampata kwa Masanja. Kampa dhahabu aliyochimba mwezi mzima. Ana watoto watatu, mke alifariki mwaka juzi, na yeye akishuka shimoni wanabaki peke yao kwenye kibanda cha turubai tangu asubuhi. Hakutaka mbwa mkali. Alikataa yule dume kwa sababu alimwona mkali. Akamchukua huyu kwa upole wake. Upole! Haoni, ndiyo maana ni mpole.

Jike anajigonga kwenye mawe. Alitumbukia kwenye shimo la maji, mtoto wa pili wa Yohana akamfuata kumtoa, nusura wafe wote wawili. Yohana akadhani ni ugonjwa, na kwa kuwa aliambiwa mhuri ni wa Shinyanga, kaja kwa mwenye mhuri apate dawa. Akakitoa cheti. Kakitunza kwenye mfuko wa nailoni, kakikunja mara moja tu kisiharibike. Hajui kusoma. Akaniomba nimsomee, labda dawa imeandikwa humo.

Nikamsomea. Sikuruka neno. Niliposema baba na binti yake, karani wa meza ya pili alitoka nje. Niliposema haoni wala hataona, Yohana alimtazama mbwa, si mimi.

Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ya chini, wala hakuwa na hasira.

"Kwa hiyo wewe ulijua, mzee?"

Nikasema nilijua.

Ningependa anitukane. Nilingoja. Nikamwambia amwache mbwa kwangu, nitampatia mwingine mzima siku Sikitu atakapozaa, nitamletea mwenyewe mpaka shimoni. Akatikisa kichwa. Watoto wameshampa jina, anaitwa Baraka. Wanamfunga kamba kiunoni mwa mdogo wao, hivyo hapotei. Akakikunja kile cheti palepale kilipokunjwa, akakirudisha kwenye nailoni. Sijui anakitunzia nini.

Nilimsindikiza hadi stendi. Baraka alitoa kichwa kikapuni njia nzima, akinusa.

Jumanne, 13 Julai

Nilikwenda kwa Masanja nikiwa nimejipangia maneno. Yuko safarini Geita. Kaiza peke yake bandani. Pembeni pamefungwa jike jipya, mbwa wa mitaani, hata mwaka hana. Mbele yake sahani. Sikuhitaji kuinama kutazama.

Niliikanyaga sahani. Nikamfungua yule jike, akatoka mbio bila kugeuka. Kisha nikarudi ofisini, nikachukua koleo la mafahali, nikalitazama. Ni kubwa mno kwa mbwa. Nikatafuta kisu kidogo na dawa ya usingizi ya mwisho tuliyo nayo, nikarudi uani. Sheria hainiruhusu kumhasi mbwa wa mtu bila idhini yake.

Kaiza alilala kichwa chake kiko gotini kwangu. Damu imekatika vizuri.

Jumatano, 14 Julai

Mvua kidogo, si ya msimu. Nimefunga. Masanja hajarudi. Akirudi atakwenda kwa mkubwa wangu, nami sitakana.

Jioni Zuhura alimrushia Kidoti gunzi la muhindi. Akalitazama likianguka. Akaliendea kwa hatua, akalileta, akaliweka mguuni mwangu, si mwa Zuhura. Akanilamba kiganja, mahali palepale koleo liliponichubua.

Nilinawa kwa ajili ya magharibi kama nilivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni: mara saba, moja kwa udongo. Kipande cha mwisho cha sabuni kilikuwa pale kwenye jiwe, sikukigusa. Mate ya mbwa yamewekewa idadi, ukiitimiza unasimama kuswali. Nilifika saba, nikaendelea. Mama Zuhura kaniita futari inapoa.