Miguu ya Ushuhuda

Jumanne, 14 Mei 2013
Lodwar. Miezi minane kliniki ya kambini wamenilisha vidonge vya TB ya mgongo. Minane! Leo daktari wa hapa katazama picha na majibu ya damu, kasema si TB. Saratani ya damu, ya nadra, imekaa kwenye uboho. Uvimbe unabana uti wa mgongo, ndiyo maana nyayo ziliwaka moto, sasa zimekufa ganzi. Niende Nairobi upesi, nipigwe mionzi na kuanza dawa, la sivyo sitasimama tena. Mke wangu Elyse kalia. Mimi nimecheka. Fundi cherehani asiyeisikia pedali!

Jumatano, 22 Mei
Kakuma. Nimeingia kwenye orodha ya wanaopelekwa Nairobi. Gari ni Jumanne ijayo — nafasi sita, wagonjwa kumi na tisa. Karani anasema waliozidiwa ndio kwanza. Haya, kumbe kuzidiwa nako kuna faida.

Jumapili, 26 Mei
Mjinga mimi! Mjinga wa kupewa cheti. Mchungaji Serge kaniita mbele — huyo aliyeshindwa kuombea hata tumbo lake la kuhara. Mashemasi wawili wakanishika kwapani, wakaninyanyua, nyayo zikaburura vumbi. Anatembea! Onésphore anatembea! Vigelegele, ngoma. Nami — nani alinituma? — nikainua mkono: Aleluya! Elyse alikuwa anacheka. Tangu tutoke Bujumbura sijamwona akicheka vile.

Nimerudishwa nyumbani kwa wilbaro. Hakuna aliyeona ajabu.

Jumatatu, 27 Mei
Asubuhi jirani yetu Nyaduoth kaja na ejok yake ndefu, salamu ya Kiturkana: muujiza wangu umefika hadi foleni ya maji. Na hadi kwa karani! Yuko nje kivulini na kalamu yake. Anasema gari ni kesho. Kama natembea, nafasi ampe mwingine. Nitoke nisimame aone. Serge naye kafika, anamhakikishia. Ana uhakika gani na miguu isiyo yake, mshenzi yule!

Nikikiri kuwa nilidanganya, Elyse atawatazamaje wenzake wa kwaya? Nikinyamaza, nafasi imekwenda, na miguu nayo.

Nimewaambia wasubiri nivae viatu. Naandika harakaharaka. Elyse kapiga magoti mbele yangu, bado ana kile kicheko cha jana. Ananiuliza kama kiatu kinabana.

Kwani ameshanivalisha?