Odi ya Mkia

Mama Khainza, Betty wangu amefungua duka Mbale, na ukutani amemwambia mchoraji aandike kwamba odi yetu, ile siagi ya njugu, ni urithi wa bibi yangu. Odi yako. Herufi nyekundu, kubwa, unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Na mama yako anakuja kwenye ufunguzi.

Haya, nikusalimu sasa. Sisi huku tuko. Mzee wangu alipunguzwa jeshini, tukatoka kambini, tukahamia Mpumudde, hapa hapa Jinja. Nina jiko langu mwenyewe, siyo lile la kupangiana zamu na wewe, ukiniambia masufuria yangu yamekaa kama yamekuja kwa fujo. Na Betty, yule uliyekuwa unambeba mgongoni nikienda kliniki, amekuwa mwanamke. Wacha nijisifu kidogo, wewe umezoea. Mpumudde nzima hakuna binti kama huyo. Anaongea na mnunuzi hadi mnunuzi anasahau alikuwa anakwenda wapi. Amepanga chumba Namakwekwe, mlango unaangalia barabara, ndicho amekigeuza duka.

Mwanzoni alikosea. Aliona odi kwenye jani la ndizi ni mambo ya kijijini. Akanunua vikopo vya plastiki, akabandika picha ya mzungu anacheka, na jina la Kiingereza ambalo hata mimi ulimi ulinishinda. Mama mmoja sokoni akafungua, akanusa, akajipaka kwenye kiwiko. Alidhani ni mafuta ya ngozi. Wiki nzima vikopo vilikaa mezani, mzungu akiwachekea watu wanaopita.

Kisha kukawa na mafunzo ya akina mama wafanyabiashara, kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu akawaambia mnunuzi anataka kujua kitu kimetoka kwa nani, wasijifanye watu wengine. Betty akaviacha vikopo, akarudi kwenye njia yako. Njugu zinakaangwa na ganda lao jembamba, simsim kidogo, zinasagwa kwenye jiwe, zinafungwa kwenye jani lililopitishwa motoni. Na kamba ya mgomba, mafundo mawili, upande mmoja umeachwa mrefu unaning'inia.

Unakumbuka Buwenge siku ya soko? Hawakujua jina lako wala langu. Walisema tu, "Nipe ile ya mkia." Wengine wakatuiga, lakini mkia wao ulikuwa mfupi, na ukivuta haufunguki. Wanunuzi wakirudi kwetu, wewe unawaambia, "Karibuni kutoka safari."

Sasa Betty alikuja Jinja, akakaa kwenye kigoda changu na daftari. Akaniuliza, "Mama, odi hii ulifundishwa na nani? Nataka kuandika ukweli." Hilo neno alilisema. Na mimi nikamwangalia alivyoshika kalamu, ananingojea, kama mimi ni mtu wa kuandikwa. Nikasema, bibi yangu, kule Lira. Halafu sikunyamaza. Nikampa bibi kinu kikubwa, nikampa watu wanaotoka mbali kumfuata. Mama Khainza, bibi yangu alikuwa mpika pombe. Odi yake ilikwama kooni, tuliila kwa heshima tu.

Wewe ulishanijua. Ulikuwa unasema, "Mama Betty, wewe ukikopeshwa chumvi kijiko kimoja, kesho unawaambia watu umeichimba mwenyewe kule Katwe." Wanawake wote wa kambi walicheka, na mimi nikacheka. Leo sicheki.

Maana Jumatatu Betty alinitumia barua kwa mkono wa dereva wa teksi. Ukuta umekwisha. Hadithi ya bibi aliisoma kule kwenye mafunzo, wakampigia makofi. Na amemwalika Khainza wako, ambaye sasa ni mwalimu, tena mwalimu mzuri, na Khainza amesema atamleta Kukhu, bibi yake. Mama yako hasomi, kwa hiyo Pasta atausoma ukuta kwa sauti, kila mtu asikie.

Mimi naona jinsi itakavyokuwa. Mama yako atakaa mbele, kwenye kiti. Watampa kifurushi ashike. Yeye ndiye alikufundisha kufunga, ukiwa mtoto wa kubeba mtungi mdogo, ulinisimulia tukichambua njugu mlangoni kwako. Vidole vyake vitaujua huo mkia kabla Pasta hajafungua mdomo. Kisha atasikia ni wa bibi wa Lira.

Tangu Jumatatu chakula hakipiti. Mzee wangu ananiuliza kama ni malaria. Nilifikiri niseme naumwa, nisiende. Nilifikiri nimwambie Betty kwamba bibi yangu na mama yako walikuwa marafiki zamani. Umeona? Hata sasa, bado natunga.

Na simwogopi mama yako peke yake. Namwogopa Betty. Aliandika kwa sababu aliniamini. Akijua hili, ataanza kupima kila kitu nilichowahi kumwambia, hata yale ya kweli. Na duka lake je? Wamama wa Mbale wanatambua fundo ni la mkono wa nani. Wakisema duka lile linaongopa, nani atauvuta mkia huo tena?

Ile siku ya mwisho ya uhai wako nilikuletea uji, ukashindwa hata vijiko viwili. Ukachukua kipande cha kamba, ukanifunga kwenye kidole, ukavuta mkia, kikaachia. Ukasema, "Usiukate mfupi." Basi. Hukuniambia nitaje jina lako. Nimelifikiria sana. Labda hukuona kama ni jambo la kumwambia rafiki.

Hapa niliweka kalamu chini, nikatoka. Nimerudi sasa. Nilikwenda hadi stendi, nikampa dereva yule yule ujumbe ampelekee mchoraji: aje Ijumaa na rangi nyeupe, na ile nyekundu asiimalize. Betty hajui ni ya nini. Ijumaa nitapanda teksi ya kwanza. Nitamwambia kabla sijavua viatu, maana nikikaa, nikipewa chai, nitaanza kuyapamba maneno. Akilia, alie. Akininunia, nitamngojea hapo hapo mlangoni. Kisha nitasimama chini ya ngazi ya mchoraji nimtajie neno kwa neno: Odi ya Mkia, Nambozo wa Mbale alimfundisha Mama Betty, kambini Jinja.

Miaka yote nilikuita kwa jina la mtoto wako. Leo nimelisema hilo lako jikoni mara tatu, nikiwa peke yangu, ulimi ulizoee.

Lala vizuri, Nambozo. Nakuahidi sitaongeza kitu. Labda kimoja tu, kwamba wa kusaga kwenye jiwe nilikuwa mimi, na hakuna aliyesaga laini kama mimi kambi nzima. Hilo ni kweli, na wewe shahidi.

Mama yako atakaa mbele, Khainza pembeni yake, Pasta atasoma, na Betty sijui atakuwa ananiangalia kwa jicho gani. Wote wanakuja Jumamosi.